Kitabu cha Blok

Watu wa mtaa waliiita Blok tu, bila jina jingine. Ilipojengwa ilikuwa na ghorofa nne. Sasa ilikuwa na tatu, na hakuna aliyeibomoa hiyo moja. Mwaka wa 2002 mlima ulipopasuka na moto wake ukateremka mjini Goma, ule uji wa mawe ulifika Blok, ukazunguka kuta, ukaingia kwa milango na madirisha ya chini, ukajaa karibu na dari, ukapoa. Nyumba sita za chini zikawa jiwe. Kuta zilisimama. Wakaaji waliporudi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, walikuta roshani ya namba saba, iliyokuwa juu, imelingana na barabara. Wakavunja ukingo wake wakaifanya mlango. Tangu siku hiyo nyumba ya kwanza unayoikuta ukiingia Blok ni namba saba, na wageni huuliza moja hadi sita ziko wapi.

“Unazikanyaga,” Charline wa namba tisa huwajibu.

Aliyeichora Blok alikuwa bado anakaa humo, namba kumi na mbili, peke yake. Aliitwa Fortunat Zihindula, mtu wa upande wa Bukavu, mwenye miaka sabini na miwili na sauti ndogo ambayo ilibidi umkaribie ili uisikie. Alipokuwa kijana serikali ilimpeleka Romania kusoma ujenzi, enzi ambazo wakubwa wa huku na wa kule walikuwa marafiki. Alikaa miaka sita katika mji wa Galati, kando ya mto, kwenye mitaa ya nyumba za zege zilizofanana kama matofali ya tanuru moja. Wenzake walizicheka nyumba zile. Yeye hakuzicheka. Aliona kwamba mhunzi wa kiwanda cha chuma, mwalimu na daktari walipanda ngazi moja, na kwamba jiko la daktari halikuzidi la mhunzi hata kwa shubiri. Alirudi na sanduku la michoro na wazo moja: watu wakipanda ngazi moja kila siku, mwishowe watajifunza kusalimiana.

Ofisi ya chai ya serikali iliyotaka nyumba za wafanyakazi wake ilimpa kiwanja. Goma hapakuwa na kiwanda cha kumimina kuta nzima nzima kama kule. Zihindula alitengeneza fomu za mbao, akamimina kuta palepale chini kwa kokoto nyeusi za mlima, na wanaume ishirini wakazisimamisha kwa kamba na roda. Alinakili michoro kwa uaminifu, na pengine kwa uaminifu mno. Chini ya kila dirisha aliacha shimo la mraba ukutani, kwa kuwa michoro ya Galati ililiweka. Kule, ndani ya mashimo yale vilikaa vyuma vya kupasha nyumba joto wakati wa theluji. Goma hakuna theluji. Alilikumbuka jambo hilo ukuta wa mwisho ukiwa umekwisha kusimama. Wakaaji hawakulalamika. Wengine waliweka humo viatu, wengine sanamu ya Bikira Maria, na Charline alimlaza humo kuku wake.

Kitu kingine alichokileta kutoka kule ni kitabu.

Huko Galati kila blok ilikuwa na kitabu chake, na msimamizi wa kukitunza. Iliandikwa humo nani anakaa, ametoka wapi, ameingia lini, kwa sababu gani, nani amemtembelea na kulala, na ameondoka lini. Zihindula alianza cha kwake mwaka wa 1982, siku ya funguo za kwanza. Kilikuwa na kurasa mia tatu, kila ukurasa ameupiga namba kwa mkono wake, zote zimetobolewa na kupitishwa uzi mmoja, na ncha za uzi zimebandikwa kwa lakiri nyekundu kwenye jalada la nyuma, ili mtu asiweze kutoa ukurasa wala kuongeza bila kuonekana. Hakuacha mstari mtupu kati ya jina na jina. Miaka arobaini na mitatu hakuandika humo jambo ambalo halikuwa. Moto wa mlima ulipokuja watu walikimbia na magodoro na masufuria. Yeye alikimbia na kitabu, amekifunga katika kitenge cha marehemu mkewe.

Ofisi ya chai ilikufa zamani. Wakubwa walibadilika, bendera zilibadilika, vita vikaja na kurudi, na wakaaji wa Blok waliendelea kukaa na kuzaliana. Mwaka huu, wakubwa wapya walipokwisha kuushika mji, ofisi mpya ya nyumba ilibandika tangazo kwenye ukuta wa namba saba. Kila anayekaa katika nyumba iliyojengwa na serikali aonyeshe kabla ya Ijumaa kwamba amekaa humo miaka kumi au zaidi. Asiyeweza, atoke. Na waliokimbia vita warudi kwenye vilima vyao, maana kule kumetulia.

Jumatatu jioni wakaaji walikutana juu kabisa, katika chumba cha kufulia ambacho Zihindula alikichora kwa ajili ya wote. Adalbert, mwalimu mstaafu wa namba kumi na sita, alisimama mbele ya karo.

“Karatasi zetu zote ziliungua 2002 ku ofisi ya muji,” alisema. “Yangu, ya Mushagalusa, ya kila mutu. Tumebakia na shahidi mumoja. Ni kitabu ya muzee.”

“Kumbe!” Charline akapiga makofi. “Na mimi niliitukana ile kitabu miaka makumi mbili! Papa Fortunat, unakumbuka? Uliandika mupaka ule bwana wangu wa kwanza, mwenye alilala siku mbili.”

“Uliniambia ni kaka yako,” Zihindula akasema.

“Na uliandika nini?”

“Niliandika: amesema ni kaka yake.”

Chumba kizima kilicheka. Mushagalusa, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wa namba kumi na saba, mtu mnene, alicheka hadi akashika ukuta. Zihindula mwenyewe alitabasamu. Ulikuwa muda mrefu hajaona watu wa Blok wamekaa pamoja, wakubwa na wadogo, wamefurahi chini ya dari aliyoimimina yeye. Kwa kitambo kidogo alifikiri kwamba wazo lake la ujana halikuwa upuuzi.

Kisha alimwona Dative. Alikuwa amesimama karibu na mlango na ndoo mkononi, na hakuwa anacheka.

Dative Nyiransengimana alikuwa mkulima wa Kibumba. Mwaka wa 2022 vita vilipofika kwenye mashamba yake ya kabichi alishuka mjini kwa miguu, na mume wake Sebahire na watoto watatu. Zihindula aliwakuta kwenye ngazi, wanatiririka mvua. Namba kumi na nne ilikuwa tupu, muuguzi aliyekaa humo amehamia Kampala. Aliwafungulia. Miezi mitano baadaye Sebahire alirudi Kibumba kuangalia kama viazi vyake vimesalimika, akasema angerudi Jumapili. Hakurudi, na aliyetumwa kumwulizia alishauriwa asiulize tena. Tangu hapo Dative ndiye aliyempikia mzee maharagwe, ndiye aliyemletea maji, na Munezero, binti yake mkubwa, alimwita babu.

Katika kitabu, ukurasa wa mia mbili sabini na mmoja, mwandiko wa Zihindula ulisema: *Nyiransengimana Dative, mume, watoto watatu. Wametoka Kibumba. Wamekimbia vita. Wameingia namba 14 kwa ruhusa yangu, 18 Novemba 2022.*

Adalbert naye alikuwa amemwona Dative. Akashusha sauti.

“Kuna nyumba moja yenye kitabu haitaisaidia,” alisema. “Tujue mapema.”

Charline alitazama vidole vyake. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, na waliompita Dative mlangoni walimgusa bega, kama watu wanavyofanya msibani.

Kesho yake mchana Dative aligonga namba kumi na mbili. Alileta sufuria ya maharagwe na sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, akaiweka mezani, na hakuketi mpaka alipoambiwa.

“Papa, minakuya kukuomba kitu.”

“Sema, mama.”

“Sisemi utoe karatasi. Najua haiwezekani, uzi iko mule. Sisemi uchome. Batu bote bako mule ndani.” Alikuwa amelifikiria, ilionekana. “Uandike tu mustari moja, pa mwisho. Uandike: Dative ameondoka na batoto bake. Utie tarehe ya mwezi uliopita. Basi.”

“Na wakija kukagua?”

“Batakuya siku moja. Hiyo siku nitakuwa mu mutaa ya Birere, dada ya Charline amekubali. Batakuta namba kumi na nne haina mutu. Bakishaenda, narudia.”

Zihindula alitazama kitabu kwenye meza, kando ya sufuria.

“Mama Dative, sijawahi kuandika uongo humu.”

“Najua, papa. Njo maana batakusadiki.”

Lilikuwa jibu la mtu mwerevu, na lilimwumiza. Alimweleza polepole, kama alivyoeleza mambo yote. Wakimkuta mtu ambaye kitabu kinasema ameondoka, hawatamfukuza huyo peke yake. Watasema kitabu chote ni uongo. Na hapo Mushagalusa na mama yake aliyepooza, na Charline, na Adalbert, na familia zote kumi na saba zitakuwa nje Jumamosi. Hakuwa akitafuta kisingizio. Alikuwa amekaa na hesabu hiyo tangu alfajiri, na kila alipoirudia ilitoa jibu lilelile.

“Na mimi, nikirudi kule?” Dative akauliza. “Shamba iko na batu bengine. Ni bale bale benye banajua Sebahire alipita wapi. Bataniona, bataniacha?”

“Nitaandika barua,” Zihindula akasema. “Nitawaeleza hayo yote. Nitaweka ndani ya kitabu. Mtu anayesoma kitabu atasoma na barua.”

Dative alimtazama bila hasira.

“Sawa, papa,” akasema. “Ukule, sombe inapoa.”

Alipoondoka mzee hakula. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote hapa Goma, wala mkewe alipokuwa hai.

Kule Galati, nyumba ya chini yake, aliishi mwanamke aitwaye Doina pamoja na mama yake mzee. Alipika katika kantini ya kiwanda cha chuma. Siku moja alimsikia mwanafunzi Mwafrika anakohoa kwenye ngazi, akamwita ndani, akampa supu. Jumapili iliyofuata akamwita tena, na nyingine tena. Ilikuwa supu tu. Lakini amri ya wakati ule ilisema mgeni wa nchi nyingine akiingia nyumbani kwa raia lazima ijulikane, na msimamizi wa blok, mzee mmoja aliyestaafu reli, aliandika kama alivyotakiwa. Mistari mitatu kwa Jumapili tatu, na saa ya kuingia na saa ya kutoka. Kabla baridi haijaisha Doina aliitwa mahali, akaulizwa, na akahamishiwa mji mwingine. Mama yake alifuata na kitanda juu ya lori. Nyumba yao wakapewa wengine, na kwenye ngazi hakuna aliyetaja jina lao.

Zihindula alishuka kumfokea yule msimamizi. Yule mzee hakubishana. Alikifungua kitabu mbele yake akasema, “Nionyeshe neno moja la uongo.” Halikuwapo. “Mimi sikumfanyia kitu,” mzee akasema. “Niliandika tu. Kosa si la kitabu, ni la wanaokisoma.”

Alimchukia mtu yule wiki nyingi. Halafu, na hili ndilo hakuwahi kumwambia mtu, alimkubali. Alijiambia kwamba katika nchi yenye haki kitabu kilekile kingekuwa kitu chema, ushahidi kwamba fulani aliishi, alikuwa na mlango wake na majirani. Alirudi nyumbani akakitengeneza. Miaka arobaini na mitatu alikuwa akimngoja msomaji mwenye haki.

Jumatano alikaa mezani na kalamu. Aliandika mstari kwenye karatasi ya pembeni, kujaribu: *Nyiransengimana Dative ameondoka na watoto wake.* Yalikuwa maneno sita. Aliyatazama. Hayakuwa magumu kuandika. Akamwaza mama yake Mushagalusa, ambaye hajashuka ngazi miaka minne, akishushwa mgongoni mwa mtu. Akamwaza Munezero. Kisha akaikunja karatasi ile, akavuta nyingine safi, na akaandika barua.

Ilikuwa barua nzuri. Ilikuwa na kurasa mbili, kwa Kifaransa safi, na aya zenye namba. Ilieleza habari ya Sebahire na ya shamba. Ilisema kwamba yeye, mchoraji wa nyumba na mkaaji wa kwanza, alikuwa ameitoa namba kumi na nne kwa hiari, na kwamba aliomba familia hiyo ihesabiwe kuwa ya kwake. Aliweka sahihi. Aliiweka kwenye ukurasa wa mia mbili sabini na mmoja, juu kabisa ya jina lao, ili asiyeisoma asiweze kulisoma jina.

Alhamisi asubuhi alivaa koti, akapakiwa kwenye pikipiki hadi ofisi ya nyumba. Alingoja kwenye benchi na watu waliokuja na mifuko ya plastiki, ndani yake vipande vya karatasi vilivyoungua pembeni. Saa sita aliitwa. Karani aliitwa Cyprien, kijana mwenye shati jeupe na adabu nyingi. Alisimama alipoona mvi, akamwekea mzee kiti.

“Papa, ni kitu gani hii?”

“Ni kitabu cha nyumba. Tangu 1982.”

Cyprien alikifungua. Aligeuza kurasa chache, kisha akazigeuza polepole zaidi. Aligusa uzi. Akakigeuza kitabu, akaiona lakiri.

“Yezu,” akasema. Akamwita mwenzake wa meza ya pili. “Kuya uone. Muangalie kazi ya bazee.”

Mwenzake akaja, akainama, akapiga mluzi. Zihindula aliketi wima. Ni aibu kulisema, lakini alifurahi. Hakuna mtu aliyewahi kukitazama kitabu chake namna hiyo.

“Papa, tungekuwa na mutu kama wewe ku kila avenyu,” Cyprien akasema, “kazi yetu ingekuwa imeisha.”

Alichukua karatasi yake akaanza kunakili. Namba saba, tangu 1991, sawa. Namba nane, tangu 1984, sawa. Alifanya kazi vizuri, kidole kikifuata mstari, bila haraka. Alipofika ukurasa wa mia mbili sabini na mmoja aliikuta barua. Aliinua, akaitazama juu na chini.

“Hii iko nini?”

“Ni maelezo ya familia hiyo. Naomba uisome, monsieur. Ni kurasa mbili tu.”

“Nitasoma, papa. Nitaweka mu dosye, mu faili yenu.” Akaiweka kando ya meza, chini ya kopo la kalamu, na kidole chake kikarudi mahali barua ilipokuwa imefunika. “Kibumba,” akasoma. “Wamekimbia vita.” Akaandika jina lile kwenye karatasi nyingine, ambayo Zihindula hakuwa ameiona mpaka wakati huo. Ilikuwa ndefu, na majina yake yalikuwa mengi.

“Monsieur,” mzee akasema. “Barua.”

“Ndiyo, papa. Nimesema nitasoma.”

Mzee aliomba kitabu chake. Cyprien alisema kwa upole kwamba kitabu kitabaki ofisini, kwa sababu sasa ni hati. Alimsindikiza hadi mlangoni akimshika kiwiko, kama mtu anavyomsindikiza baba yake.

Ijumaa habari zilikuja: familia kumi na saba zinabaki; namba kumi na nne haikutajwa. Charline alipiga vigelegele kwenye ngazi. Adalbert alikuja namba kumi na mbili, akamshika mzee mikono yote miwili, kisha akaondoka.

Lori lilikuja Jumanne, saa nne za asubuhi, na lilikuwa tayari na watu. Walishuka vijana wawili na karatasi. Hawakukagua kitu. Hawakuomba kuona nyumba ya mtu yeyote, hawakuhesabu vichwa, hawakugonga mlango hata mmoja zaidi ya namba kumi na nne. Walisoma jina, wakauliza, “Ni wewe?”, Dative akasema ni yeye. Zihindula alisimama kwenye ngazi akaona yote, na akaelewa alichokuwa anakiona. Kama jina lile lingekuwa na mstari wa kuondoka, lori lisingesimama Blok. Mushagalusa angebaki, mama yake angebaki, na namba kumi na nne ingekuwa na watu wake. Hesabu aliyoirudia alfajiri nzima ilikuwa sahihi katika kila kitu, ila tu kwamba hakuna aliyekuwa na nia ya kukagua.

Alishuka akawaambia vijana kwamba kuna barua. Walimsikiliza. Mmoja alisema barua ni mambo ya biro, ya ofisini kule, wao wamepewa lori tu.

“Basi nipelekeni na mimi,” akasema.

“Muzee, jina yako haiko hapa.”

Majirani walisaidia kubeba. Charline alileta unga katika mfuko, akalia waziwazi, akamtukana kijana wa lori na ukoo wake, na kijana akaangalia pembeni. Dative hakulia. Aliwapandisha watoto, kisha akarudi kwa Zihindula na sufuria yake ndogo, ameisugua kwa majivu hadi inang'aa.

“Hii ni yako, papa. Ilibakia kwetu.”

“Mama Dative, nisamehe.”

“Uliandika vizuri,” akasema. “Yote ilikuwa kweli.”

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali, Zihindula angepata mahali pa kujishika. Munezero, juu ya lori, alimpungia mkono, akamwita babu, akauliza kama atakuja kuwatembelea. Alisema ndiyo. Huo ndio uongo wake wa kwanza, nao haukuwa na faida kwa mtu.

Lori lilielekea njia ya Rutshuru, ile inayopita Kibumba. Simu ya Dative iliita siku mbili, kisha ikawa haiiti. Charline aliwauliza wauza kabichi wa Birere wanaotoka kule. Mmoja alisema watu wale walishushwa kwenye uwanja wa shule, na kwamba kila mtu alielekea upande wake. Mwingine alisema hajui, na asiulizwe.

Baada ya wiki mbili Cyprien alikuja mwenyewe Blok, na zawadi. Ilikuwa kitabu kipya, kikubwa, kimechapwa, na safu zote za Zihindula zimo ndani, kwa mpangilio uleule. Safu moja tu ilikuwa mpya, ya mwisho: *Wanaomtembelea, na wanazungumza nini.*

“Tulitoa mufano ku yako, papa,” Cyprien akasema kwa furaha. “Avenyu zote zitapata. Wewe utaendelea ya Blok. Nani atakushinda?”

“Na barua?”

“Barua gani?” Akafikiri kwa uaminifu. “Ah. Iko mu dosye.”

Zihindula hakukikataa kitabu wala hakukipokea. Kiliachwa mezani.

Tangu siku hiyo Blok ilinyamaza. Hakuna aliyemtukana mzee, hilo angelivumilia. Waliendelea kumwamkia, na sasa Charline ndiye aliyemletea maji. Lakini mazungumzo yalikatika alipofika kwenye ngazi na kuanza tena alipokwisha kupita. Jioni moja aligonga namba tisa kuomba kiberiti. Charline alifungua mlango kidogo, akaziba nafasi kwa mwili wake.

“Uko na wageni?” mzee aliuliza, kwa adabu tu, kama jirani.

“Hapana, papa. Hakuna mutu.”

Nyuma yake, sakafuni, palikuwa na viatu vya mwanamume, vimelowa. Charline aliona kwamba ameviona. Miaka yote aliyomjua, mwanamke huyu alimtangazia kila mgeni wake kwa kelele na utani. Sasa alivisukuma viatu nyuma ya mlango kwa kisigino.

“Sitaandika,” Zihindula akanong'ona.

“Ndiyo, papa,” akasema haraka. “Najua, papa.” Akampa kiberiti kizima, akafunga mlango, na komeo likateleza taratibu ili lisisikike.

Alirudi namba kumi na mbili. Hakuwasha taa. Kutoka dirishani aliona zege yake, nyeusi, ilivyosimama baada ya moto wa mlima na baada ya kila kitu, na familia kumi na saba ndani yake, kila moja imefunga mlango. Aliketi. Kwenye ngazi zilisikika hatua za watu wanaojaribu kutosikika. Hakutaka kusikiliza. Aliweka mikono kwenye masikio, kisha akaishusha, kwa kuwa haikusaidia. Sikio lilikuwa limeifanya kazi hiyo miaka arobaini na mitatu na halikungoja ruhusa: wawili wa namba kumi na nane, mbele, na nyuma yao mmoja mzito, aliyejikwaa kwenye kipandio cha sita, ambacho fomu ya mbao ilikitoa kifupi kuliko vingine. Mtu wa nyumbani asingejikwaa hapo. Mgeni, basi. Mwanamume. Ameingia saa moja na robo.